Dhahabu 42 za Kuba, dhahabu 2 za Meksiko: nani hasa anazalisha mabingwa wa ngumi?

Kuba ina medali 42 za dhahabu za ngumi katika historia ya Michezo ya Olimpiki. Meksiko ina 2, zote za mwaka 1968 ilipokuwa mwenyeji, moja ya Ricardo Delgado na nyingine ya Antonio Roldán. Mtu akiishia hapo ataapa kwamba Wameksiko hawajui ngumi. Ahamie sasa kwenye mikanda ya dunia ya ngumi za kulipwa: Meksiko inashika nafasi ya pili nyuma ya Marekani, ikiwa na mabingwa zaidi ya 200, na Kuba iko mbali huko chini.

Mabishano kuhusu nchi ipi inatoa mabingwa wengi hayaishi kwa sababu kila mmoja anakuja na orodha yake na kuifanya ndiyo sheria. Mpenzi wa Olimpiki anataja Kuba. Mpenzi wa mikanda anataja Marekani na Meksiko. Anayegawa kwa idadi ya watu anataja Puerto Rico, kisiwa cha watu wapatao milioni 3 kilichomtoa Sixto Escobar mwaka 1934 na hakijanyamaza tangu hapo: Carlos Ortiz, Wilfredo Gómez, Félix Trinidad, Miguel Cotto, Amanda Serrano, na Wilfred Benítez aliyetwaa taji la dunia mwaka 1976 akiwa na miaka 17, umri ambao mpaka leo hakuna bingwa aliyeushusha. Kisiwa hicho hicho hakijawahi kupata hata dhahabu moja ya ngumi kwenye Olimpiki.

Orodha zote tatu ni za kweli, na ndiyo maana hakuna hata moja inayojibu swali. Ninachokiona mimi nikiziweka pamoja ni kwamba idadi ya mabingwa haipimi damu ya watu wala ukali wao. Inapima ngazi: zile hatua zinazomtoa kijana kwenye klabu ya mtaani, zikampitisha kwa kocha, kwa mapambano madogo, kwa promota na televisheni, hadi afike ulingoni siku ya taji. Kipaji kipo karibu kila mahali ambapo vijana wanavaa glovu. Ngazi isiyokatika katikati ndiyo adimu.

Lakini kwanza hesabu yenyewe, maana inapotosha wengi.

Enzi za Joe Louis kulikuwa na uzito 8 unaoheshimika, na kwa kawaida kila uzito ulikuwa na bingwa mmoja. Kisha mashirika yanayotoa mataji yakaanza kuzaana. Chama cha Marekani kilichoanza mwaka 1921 kilibadili jina mwaka 1962 kikawa WBA. Mwaka uliofuata WBC ikazaliwa jijini Mexico City. IBF ikaja mwaka 1983, WBO mwaka 1988. Uzito nao ukaongezeka hadi 17. Zidisha 17 kwa 4 upate nafasi 68 za kuitwa bingwa wa dunia kwa wakati mmoja, na hapo hujagusa tabia ya WBA ya kuwa na bingwa "super" na bingwa wa kawaida katika uzito ule ule. Louis alishika taji la uzito wa juu kuanzia mwaka 1937 hadi 1949 na kulitetea mara 25. Kwenye orodha za nchi anahesabika mtu mmoja, sawasawa na bondia aliyeshika mkanda mmoja kati ya minne kwa miezi michache kisha akapotea. Nchi iliyokuwa na nguvu zamani inapunjwa, na iliyochipukia baada ya mikanda kuongezeka inanufaika.

Japani ni mfano mzuri. Hadi mwaka 2013 kamisheni ya ngumi ya nchi hiyo ilitambua mikanda ya WBA na WBC peke yake. Bondia wa Kijapani hakuwa na ruhusa ya kuhangaikia IBF wala WBO akiwa nyumbani. Mlango ulipofunguliwa, nafasi ziliongezeka maradufu, na mwezi Mei 2024 mikanda yote minne ya uzito wa bantam ilikuwa viunoni mwa Wajapani wanne tofauti: Takuma Inoue, Junto Nakatani, Ryosuke Nishida na Yoshiki Takei. Je, huo ni ubora au ni hesabu? Vyote viwili. Naoya Inoue, kaka yake Takuma, alikuwa amekwisha kuikusanya mikanda hiyo minne peke yake Desemba 2022, na mwaka mmoja baadaye akafanya vivyo hivyo kwenye uzito wa super bantam. Huyo hakubebwa na karatasi.

Olimpiki nayo ina mitego yake. Marekani ina dhahabu 50 za ngumi, nyingi kuliko nchi yoyote. Saba kati ya hizo ni za St. Louis mwaka 1904, ambako ulingoni walipanda Wamarekani watupu. Tisa nyingine ni za Los Angeles mwaka 1984, ambako Kuba na Muungano wa Kisovieti walisusia. Hizo ni 16 kutoka mashindano mawili ambayo wapinzani wakubwa hawakuwepo. Kuba, kwa upande wake, haikuwa na dhahabu hata moja kabla ya Munich mwaka 1972, na imekosa kushiriki mwaka 1984 na 1988. Yaani 42 zake zimepatikana ndani ya miaka 52, na michezo miwili katikati haikushiriki kabisa. Kwangu mimi hakuna takwimu nyingine katika mchezo huu inayoshangaza kuliko hiyo.

Halafu kuna swali la bingwa ni wa nani. Lennox Lewis alishinda dhahabu ya Seoul mwaka 1988 akiwa amevaa rangi za Kanada, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu akihesabika Mwingereza. Artur Beterbiev alizaliwa Dagestan, Urusi, akajijenga kama bondia wa kulipwa Montreal. José Nápoles na Sugar Ramos walizaliwa na kufundishwa ngumi Kuba. Serikali ya mapinduzi ilipopiga marufuku michezo ya kulipwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakahamia Meksiko, wakawa mabingwa wakiwa huko, na Wameksiko wanawapenda kama watoto wao wa kuzaa. Sehemu ya utajiri wa Meksiko ilitoka Havana.

Sasa turudi kwenye ngazi, na kwanza niiondoe njiani hoja ya njaa. Imezoeleka kusemwa kwamba ngumi ni mchezo wa wenye njaa, kwamba umaskini ndio mama wa mabingwa. Kuna ukweli ndani yake. Ni wachache wanaokubali kupigwa kichwani kwa riziki wakiwa na njia nyingine. Korea Kusini inaonekana kuithibitisha: miaka ya 1980 ilikuwa na Chang Jung-koo na Yuh Myung-woo, wafalme wa uzito mdogo, na kadiri nchi ilivyotajirika vijana wakaipa ngumi kisogo hadi mabingwa wakakauka. Lakini Japani ilitajirika kabla ya Korea, na leo ndiyo inayoongoza Asia. Kama njaa ingetosha, nchi maskini kuliko zote duniani zingekuwa na mikanda mingi kuliko zote, na hazina. Njaa inamleta kijana mlangoni kwenye klabu. Kinachomsubiri ndani ni habari nyingine.

Tofauti ya Japani iko kwenye hicho kinachosubiri ndani. Bondia wa kulipwa huko ni mali ya jimu yake, na jimu ndiyo inayomfundisha na kumtafutia mapambano. Kuna mashindano ya chipukizi ya kila mwaka yanayochuja vijana wapya. Kuna ukumbi wa Korakuen jijini Tokyo ambao karibu kila wiki una ngumi, kwa hiyo kijana wa raundi 4 anapata pa kupigania na mashabiki wa kumtazama. Na mabingwa wakistaafu hawapotei: Hideyuki Ohashi, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa uzito mdogo kabisa, alifungua jimu, na ndiyo iliyompokea Naoya Inoue alipoanza ngumi za kulipwa mwaka 2012. Pambano la sita, mwaka 2014, tayari akawa bingwa. Bingwa wa jana anamlea bingwa wa kesho katika chumba kimoja.

Meksiko ngazi yake ni ya mbao, ndefu, na ina hatua nyingi sana. Kijana haanzii kwenye timu ya taifa. Anaanza kulipwa akiwa mdogo mno; Canelo Álvarez alipanda ulingo wa kulipwa mwaka 2005 akiwa na miaka 15. Julio César Chávez alianza akiwa na miaka 17, na alipopigania taji lake la kwanza mwaka 1984 alikuwa na mapambano zaidi ya 40 mgongoni. Shule yake ilikuwa hiyo: usiku baada ya usiku katika kumbi za miji midogo, mbele ya watu wanaojua wanachokitazama, dhidi ya wanaume wazima wanaotafuta pesa ya chakula. Ndiyo maana Meksiko ina dhahabu 2 tu za Olimpiki. Kipaji hakimsubiri mwamuzi wa ngumi za ridhaa. Soko linakichukua mapema.

Mtindo wao nao umetoka kwenye ngazi hiyo. Ile ngumi ya kushoto inayochomeka chini ya mbavu za kulia na kutua kwenye ini, ambayo Chávez aliifanya kuwa sahihi yake, haileti pointi nyingi kwenye ngumi za ridhaa za raundi 3. Inalipa kwenye raundi ya 8, ya 9, ya 10, mpinzani anapoanza kushusha mikono kwa maumivu. Ni silaha ya watu waliokulia kwenye mapambano marefu. Wanaosema Mmeksiko amezaliwa na moyo wa kupigana wanamdhulumu, kwa sababu wanafuta kazi ya makocha kama Nacho Beristáin, aliyekaa miongo jijini Mexico City akiwafundisha watu kama Juan Manuel Márquez kupiga na kukwepa kwa akili.

Na juu kabisa ya ngazi kuna soko. WBC makao yake ni Mexico City, na kuanzia mwaka 1975 hadi kifo chake mwaka 2014 iliongozwa na Mmeksiko José Sulaimán. Ng'ambo ya mpaka kuna mamilioni ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko ambao wananunua tiketi za Las Vegas kila Mei na kila Septemba, wakati wa sikukuu zao. Tarehe 20 Februari 1993 watu 132,274 waliingia uwanja wa Azteca kumwona Chávez akimpiga Mmarekani Greg Haugen. Nchi inayoweza kujaza uwanja namna hiyo haitakosa promota wa kumlipa kijana wa raundi 4.

Tepito, kitongoji cha masoko katikati ya Mexico City, kilimtoa Raúl Macías, shujaa wa miaka ya 1950, na baadaye Carlos Zárate. Hapa nakaribia jambo ambalo orodha za nchi haziwezi kulionyesha: mabingwa hawatoki nchini, wanatoka mitaani. Brownsville, sehemu moja tu ya Brooklyn, ilimlea Mike Tyson na Riddick Bowe, wote wawili mabingwa wa uzito wa juu. Detroit ilimkuza Joe Louis, na miaka ya baadaye jimu ya Kronk iliyokuwa chini ya Emanuel Steward ikamtoa Thomas Hearns. Ukiitazama Marekani kwa karibu unaona mitaa ikipokezana kijiti. John L. Sullivan alikuwa mtoto wa Waayalandi waliohamia Boston. Baada ya Waayalandi wakaja Wayahudi wa mitaa ya New York na Chicago, Benny Leonard na Barney Ross, kisha Waitaliano, Rocky Marciano aliyestaafu bila kupoteza hata pambano moja kati ya 49. Wamarekani weusi, ambao tangu Jack Johnson alipotwaa taji jijini Sydney mwaka 1908 walikuwa wakizuiwa mlangoni kwa ubaguzi wa wazi, walipopata nafasi sawa kidogo waliutawala mchezo kwa vizazi. Sasa Walatino wamesimama pamoja nao. Damu imebadilika kila baada ya miaka 30, ngazi imebaki palepale: Madison Square Garden, magazeti, redio, kisha televisheni, kisha Las Vegas.

Ndiyo maana siishangai Marekani kuongoza. Ilikuwa na pesa ya mchezo huu kabla ya kila mtu, na kila kundi jipya la wahamiaji lilikuta ngazi imesimama. Kinachonisumbua ni hatua yake ya chini. Tangu Andre Ward alipochukua dhahabu Athens mwaka 2004, hakuna mwanamume wa Marekani aliyeirudia. Dhahabu zilizofuata ni mbili za mwanamke mmoja, Claressa Shields wa Flint, mwaka 2012 na 2016. Hadi alipostaafu Desemba 2025, Marekani ilikuwa na Terence Crawford, aliyekusanya mikanda yote minne katika uzito tatu tofauti, wa mwisho akimpiga Canelo Septemba 2025. Ila miti mikubwa haithibitishi kwamba miche inaota.

Kuba ilijenga ngazi ya kinyume kabisa, ya zege, yenye hatua za chini imara kupita kiasi na paa lililofungwa. Shule za michezo ziliwachukua watoto mapema, makocha wakisomeshwa kama walimu wa somo lolote, chini ya Alcides Sagarra aliyeiongoza timu ya taifa kwa miongo. Teófilo Stevenson alishinda dhahabu ya uzito wa juu mara tatu mfululizo, mwaka 1972, 1976 na 1980, akakataa mamilioni ya dola ya kwenda kupigana na Muhammad Ali. Félix Savón alifanya hivyo hivyo mwaka 1992, 1996 na 2000. Barcelona mwaka 1992 Kuba iliondoka na dhahabu 7. Stevenson na Savón, kwenye orodha ya mabingwa wa kulipwa, ni sifuri. Walioingia kwenye orodha ni waliotoroka: Joel Casamayor, Yuriorkis Gamboa, Guillermo Rigondeaux. Kila mmoja alilipa kwa kuacha nyumbani. Ilipofika mwaka 2022 serikali ikaruhusu mabondia wake kupigana kwa malipo, na pambano la kwanza likafanyika, si ajabu, Meksiko. Lakini ruhusa ilikuja wakati watu wameshaondoka, na Paris mwaka 2024 Kuba ilipata dhahabu 1, ya Erislandy Álvarez.

Waliorithi kiti hicho ni Wauzbeki. Paris kulikuwa na dhahabu 13 za ngumi, wanaume na wanawake; Uzbekistan ilichukua 5. Msingi ni ule ule wa shule ya Kisovieti: shule za michezo, makocha wa serikali, mapambano mengi ya ridhaa. Tofauti ni kwamba paa liko wazi. Murodjon Akhmadaliev alitoka kwenye shaba ya Rio akawa bingwa wa mikanda miwili mwaka 2020. Ukraine ilitangulia kuonyesha njia hiyo. Wladimir Klitschko alitoka na dhahabu ya Atlanta akautawala uzito wa juu kwa takribani muongo mzima. Vasyl Lomachenko alipigana ngumi za ridhaa karibu mara 400 na kupoteza mara 1, kisha akachukua mkanda wa dunia katika pambano lake la tatu tu la kulipwa. Oleksandr Usyk, dhahabu ya London mwaka 2012, alimpiga Tyson Fury Mei 2024 na kuwa mtu wa kwanza kushika mikanda yote minne ya uzito wa juu. Mlinganishe Lomachenko na Chávez: mmoja alisoma kwenye mapambano 397 ya ridhaa, mwingine kwenye kumbi za kulipwa. Ngazi mbili tofauti kabisa, zote zinafika juu.

Thailand ina ya tatu. Mtoto anapigana muay thai akiwa hata hajamaliza shule ya msingi, na Saensak Muangsurin alipohamia ngumi za kawaida alikuwa bingwa wa dunia katika pambano lake la tatu, mwaka 1975, rekodi ambayo Lomachenko aliifikia tu. Ufilipino, kuanzia Pancho Villa mwaka 1923 hadi Manny Pacquiao, bingwa wa uzito 8 tofauti, imefanya kama Meksiko: mikanda mingi, na dhahabu ya Olimpiki ya ngumi bado haijaingia kabatini.

Je, ngazi inaweza kujengwa kwa makusudi, na haraka? Waingereza wanasema ndiyo, na mimi nawaamini. Ndio walioandika sheria, za Jack Broughton mwaka 1743 na za Queensberry mwaka 1867, lakini baada ya dhahabu ya mwaka 1968 hawakupata nyingine ya ngumi hadi mwaka 2000. Audley Harrison alipovunja ukame huo Sydney, fedha za bahati nasibu ya taifa zikaelekezwa kwenye kambi ya kudumu Sheffield: makocha wa kuajiriwa, madaktari, posho ya kila mwezi kwa bondia ili asilazimike kuacha mazoezi akatafute kibarua. London mwaka 2012 wakachukua dhahabu 3, za Nicola Adams, Luke Campbell na Anthony Joshua, na Joshua akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu ndani ya miaka minne. Pesa ile iliingia chini, kwenye hatua ya kwanza na ya pili. Linganisha na Saudia, ambayo miaka hii inaandaa mapambano makubwa kuliko yote, lile la Usyk na Fury likiwemo, na bado haina bingwa wa dunia wa kwake. Hatua ya juu peke yake haikanyagiki.

Hilo la hatua ya juu Afrika tulilijua mapema. Oktoba 1974 Kinshasa iliandaa pambano la Ali na Foreman, dunia nzima ikasimama. Baada ya hapo mashine ya ngumi ikapanda ndege ikaondoka. Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa kati mwaka 1987 akiwa Mwitaliano. Kinshasa ilisubiri hadi Januari 2020 kumwona Mkongo Ilunga Makabu akitwaa mkanda wa WBC mbele ya watu wake.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Bondia wa Kiafrika amecheza ugenini tangu siku ya kwanza. Battling Siki wa Saint-Louis, Senegal, alimpiga Georges Carpentier jijini Paris mwaka 1922 na kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia, baada ya kujifunza mchezo wake wote Ufaransa. Hogan Bassey na Dick Tiger wa Nigeria walipitia Liverpool. Ayub Kalule wa Uganda alijengwa Denmark, Cornelius Boza-Edwards Uingereza, Kassim Ouma Marekani. Kwenye orodha wanasomeka mabingwa wa Nigeria na Uganda, na sitaki kumnyang'anya mtu fahari hiyo, kwa sababu hatua ya kwanza walikanyaga nyumbani. Lakini hatua zote zilizobaki walizikuta kwa wengine. Mara moja moja tu ngazi imefika nyumbani: Agosti 1963 Dick Tiger alimkaribisha Gene Fullmer Ibadan na kumshinda katika raundi ya 7. Ilikuwa mara ya kwanza taji la dunia kupiganiwa kwenye ardhi ya Afrika nyeusi.

Ghana ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ilikaribia. Bukom, kitongoji cha wavuvi wa kabila la Waga jijini Accra, ina klabu za ngumi zilizobanana mtaa kwa mtaa, na kabla ya glovu kufika vijana wa Waga walikuwa na mchezo wao wa kupigana ngumi kikundi kwa kikundi. Mwaka 1975 David Kotei, aliyeitwa D.K. Poison, alimpokonya Mmeksiko Rubén Olivares mkanda wa uzito wa unyoya huko huko California. Miaka saba baadaye Azumah Nelson, kijana ambaye New York haikumjua, aliitwa dakika za mwisho kumkabili Salvador Sánchez, Mmeksiko aliyekuwa katika ubora wake wa juu. Nelson alimsumbua hadi raundi ya 15 ndipo akasimamishwa. Sánchez alifariki kwa ajali ya gari wiki tatu baadaye, akiwa na miaka 23, na ubingwa ule ukaishia mikononi mwa Wilfredo Gómez. Desemba 1984 Nelson alimfuata Gómez hadi San Juan, nyumbani kwake Puerto Rico, akamwangusha raundi ya 11. Usiku ule Bukom ilikuwa sawa na Tepito. Baada yake wakaja Ike Quartey, Richard Commey na wengine, kutoka eneo ambalo mtu analizunguka kwa miguu asubuhi moja.

Na serikali ilifanya nini na D.K. Poison? Ilimkopa. Utawala wa Acheampong ulichukua dola 45,000 kutoka kwenye malipo ya ngumi zake ili kununua samaki kutoka nje, na deni likakaa kwa miongo bila kulipwa. Mahali pengine taifa linamwekea bondia ngazi. Hapa bondia aliliinamishia taifa mgongo likapanda.

Afrika Kusini imepita mbele ya majirani kwa sababu ya jambo dogo lenye uzito: mataji yamepiganiwa nyumbani. Mdantsane, karibu na East London, iliwatoa Welcome Ncita na Vuyani Bungu, na mwaka 1994 Bungu alimvua Mmarekani Kennedy McKinney mkanda wa IBF hapo hapo Afrika Kusini, kwa sababu kulikuwa na promota wa kumleta McKinney, ukumbi wa kupigania na televisheni ya kulipa. Kipaji cha Mdantsane hakizidi cha Bukom. Tiketi ya ndege ilielekea upande mwingine, basi.

Kenya ilikuwa na hatua za chini nzuri kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwaka 1968 Philip Waruinge alipewa tuzo ya bondia bora wa Olimpiki nzima ingawa alirudi na shaba, na mwaka 1972 akaongeza fedha. Alipotaka kulipwa alihamia Japani. Mkanda wa dunia hakuupata. Mwaka 1988, Seoul, Robert Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika fainali ya uzito wa welta. Hadi leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Kenya ya Olimpiki ambayo haikutoka kwenye riadha. Wangila naye akaenda kutafuta riziki Marekani. Mwaka 1994 alipigana Las Vegas, akaumia kichwani, akafariki. Kwenye orodha ya mabingwa wa dunia wa kulipwa, ile inayobishaniwa kila siku, jina lake halimo.